Kaka mwembamba, kisukari kimetoka wapi?

SWALI: Daktari, mama yetu ana kisukari cha aina ya pili. Kaka yangu, ambaye ni mwembamba, amegunduliwa nacho akiwa na miaka 41 na kuambiwa kwamba mwili wake unakinza insulini. Mimi nimenenepa kumzidi, lakini kipimo changu cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa sawa. Je, nipime jeni? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, jeni zimo, lakini sikushauri ulipie kipimo hicho.

Insulini, homoni itolewayo na kongosho, hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho juu ya seli ya msuli. Ndani ya seli, protini iitwayo IRS1 huipokea habari hiyo na kuipitisha, hadi vibebaji vinavyoitwa GLUT4 vifike kwenye utando wa seli na kuingiza glukosi, yaani sukari. Mwili unaokinza insulini ni ule unaoisikia hodi hiyo kwa shida, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi.

Mwaka 2009 watafiti walitambua tofauti ya herufi moja ya DNA karibu na jeni ya IRS1 inayoambatana na ukinzani huo, na miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba aina hiyohiyo huambatana na mafuta machache mwilini, hasa kwa wanaume. Inaelekea kuwa mafuta yanayokosa nafasi chini ya ngozi huishia kwenye ini na misuli, na huko ndiko yanakovuruga kazi ya insulini. Ndiyo maana mizani peke yake humficha mtu kama kaka yako. Siwezi kusema kwamba anayo tofauti hiyo, na hata akiwa nayo dawa zake hazitabadilika. Mfungie kiunoni utepe wa fundi cherehani: kiuno kikizidi nusu ya kimo, hatari ipo. Mtazame pia shingoni, kwani weusi mzito ambao wengi huusugua wakidhani ni taka mara nyingi ni dalili ya ukinzani.

Tofauti za namna hii ni nyingi na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Hata ile ya jeni ya TCF7L2, iliyotambuliwa mwaka 2006 na yenye nguvu kuliko nyingi, hugusa zaidi utoaji wa insulini kuliko ukinzani wenyewe. Isitoshe, alama za hatari zinazotolewa na vipimo vya jeni vinavyouzwa zimekokotolewa zaidi kwa jeni za Wazungu, nazo hazitabiri vizuri kwetu.

Jeni ninayoijali zaidi kwako ni nyingine kabisa. Huku kando ya ziwa, malaria imewaachia wengi jeni moja ya selimundu au upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hali hizo zinaweza kushusha kipimo cha miezi mitatu chini ya sukari halisi. Kwa hiyo, kabla hujatulia, pima sukari ya asubuhi ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi; ikifika 7.0 mmol/L, rudia siku nyingine kisha uje kliniki.