Barua kwa mwanangu: kulisoma shairi la mtu aliyeachwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na insha yako nimeisoma pamoja na maneno ambayo mhadhiri wako ameyaandika pembeni: "Umetaja tamathali, hukusoma shairi." Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, shairi la mtu aliyeachwa, akajaa uchungu, kisha akili ikaanza kumpotea, huchambuliwaje bila kugeuka orodha ya sitiari na takriri? La pili, je, mhakiki anaruhusiwa kusema kwamba mtunzi mwenyewe alikuwa amerukwa na akili?

Nadhani mhadhiri wako amesema kweli. Umeandika kwamba moyo kupasuka ni sitiari, kisha ukaenda zako. Moyo kupasuka, ini kukatika na nyongo kuchemka ni mali ya watu wote. Utazikuta katika nyimbo za taarabu, katika khanga na katika ujumbe wa simu wa mtu aliyekosana na mchumba wake jana. Mtunzi anayezitumia hajasema bado jambo lililo lake. Tazama anasema na nani, vitenzi vyake vimekaa katika wakati gani, na vitu alivyovitaja mwanzoni vinafikwa na nini baadaye.

Anza na shairi unalolijua tangu sekondari, lile Shaaban Robert alilomlilia mkewe Amina. Ubeti wa kwanza unasema kwamba Amina ametangulia, "kama ua umefunga, baada ya kuchanua", na ubeti huohuo unamalizia kwa "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua". Kitenzi kilichotumika kwa ua linalokufa ndicho kilichotumika kwa ndoa isiyovunjika. Wanafunzi wengi hulitaja ua na kuacha kufunga, ilhali shairi zima limeegemea hapo. Kisha mshororo huo wa mwisho unarudi kama kibwagizo, na kila huzuni inapomchukua msemaji mbali, kibwagizo kinamrudisha mahali palepale. Anasema na marehemu kana kwamba anamsikia, lakini hakuna msomaji anayemwona kuwa amepotewa, kwa sababu wewe wake anabaki wewe tangu mwanzo hadi mwisho, naye anajua vizuri aliyemchukua ni nani. Ana huzuni, lakini hana mtu wa kumchukia.

Uchungu wa aliyeachwa una njia nyingine. Nimekutungia beti chache za mfano ili tuone kwa karibu; usizitafute katika diwani yoyote.

Ulipoondoka kwangu, taa yako sikuzima,
Nikatenga chai yangu, na yako nikaipima,
Nikawambia wenzangu, hukuniacha daima,
Rudi kwako, rudi kwangu, kiti chako kiko wima.

Yule asiye aibu, chai alimwaga yule,
Alipwe kwa taratibu, aikose njia ile,
Asipate wa karibu, asilale, asilale,
Wala sitaki jawabu, mbona amekaa pale?

Chai imejaa kiti, taa yasema na mimi,
Mimi ni yule, siketi, yule ni nani? Ni mimi.
Kiti, kiti…

Katika ubeti wa kwanza mpendwa ni wewe. Matendo yanafuatana kwa -ka-, kama mtu anayesimulia kazi za nyumbani kwa mpango, na taa, chai na kiti viko mahali pake. Tayari kuna kasoro ndogo, kwa kuwa anampimia chai mtu asiyekuwapo, lakini bado tunaweza kuiita subira.

Ubeti wa pili umembadilisha wewe kuwa yule. Hapa ndipo uchungu ulipoingia, ingawa msemaji hajautaja. Masimulizi yamekatika na vitenzi vimekuwa maapizo: alipwe, aikose, asipate, asilale. Sikiliza vina vya utao, yaani vya nusu ya pili ya kila mshororo: yule, ile, pale, vyote vya kumsukuma mtu mbali, na katikati yake limekaa asilale, ambalo limesemwa mara mbili na ambalo, nikiulizwa, linamhusu anayelaani kuliko anayelaaniwa, kwa maana usiku ule aliye macho ni yeye. Kisha anakataa jawabu na papo hapo anauliza swali. Mtu aliyefukuzwa kwa maneno amekaa pale, na tunajua pale ni wapi, kwa sababu kiti tulionyeshwa mapema. Ingekuwa insha yangu, ningekaa kwenye mshororo huo kuliko mahali pengine popote.

Katika ubeti wa tatu vitu vimebadilishana kazi: chai imejaa kiti badala ya kikombe, na taa inasema. Mimi na yule wamekuwa mtu mmoja. Lakini hesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, utaona kwamba mishororo miwili ya kwanza ina mizani kumi na sita kamili, na vina vimekaa. Maana imeondoka, ulimi ungali unahesabu. Jambo hilo hunitisha kuliko kukatika kwa mshororo wa tatu, ambako kila msomaji atakuona. Popote katika beti hizi msemaji hasemi kwamba amepagawa. Angesema hivyo, ningemwona ana nafuu, kwa kuwa mtu anayeweza kuitaja hali yake bado amesimama kando yake.

Angalia pia kwamba kukatika kule kuna maana kwa sababu tu beti mbili zilizotangulia zilikuwa kamili. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 na kuzua ugomvi mrefu na wanamapokeo, yaani walioshikilia kwamba shairi ni vina na mizani, shairi la Kiswahili lisilo na vina si jambo la ajabu, kwa hiyo usiandike kwamba kukosa vina ni dalili ya akili iliyovurugika. Uvurugikaji hupimwa kwa utaratibu ambao shairi lenyewe liliuweka.

Sasa swali lako la pili. Aliyezihesabu mizani zile na kuchagua pa kuikata sauti alikuwa na akili timamu wakati wa kutunga, angalau kwa kazi hiyo. Anayepotea ni nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Waarabu wanaye Qays ibn al-Mulawwah wa Najd, katikati ya Arabuni, anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 7, akanyimwa Layla, akazurura jangwani na kuitwa Majnun, yaani mwenye wazimu. Mashairi yaliyopewa jina lake ni mengi, na tayari katika karne ya 10 Abu al-Faraj al-Isfahani alinukuu katika Kitab al-Aghani kauli za waliotilia shaka kama mtu huyo aliwahi kuishi. Mshairi Nizami aliposimulia kisa hicho kwa Kiajemi mwaka 1188, wazimu wa Qays ulikuwa umekwisha kuwa mtindo wa kutungia, wenye kanuni zake. Ungemtibu nani hapo?

Kwa hiyo andika kwamba nafsineni anapoteza mpaka kati yake na yule, na uuonyeshe mshororo unaothibitisha. Majina kama sonona na skizofrenia waachie madaktari, ambao humhoji mgonjwa aliye hai mbele yao. Isipokuwa kama aliyekuletea mishororo ya namna hii ni mwenzako wa bwenini na wino haujakauka; huyo usimchambue, mfuate chumbani ukamjulie hali, na ikibidi umpeleke kwa mshauri wa wanafunzi.

Insha yako ianzie kwenye ule mpito kutoka wewe kwenda yule, kisha tamathali uzitaje pale tu zinapokusaidia kuueleza. Ukimaliza rasimu nitumie kabla hujaikabidhi. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama zile hela za vitabu zimefika.

Baba yako