Re: Msaada maana za "get": mkuu achana na hiyo orodha

Mkuu usiikariri hiyo orodha ya maana za kitenzi cha Kiingereza get. Umeuliza mengi, maana za get, got na gotten, na kama get inafaa kwenye barua ya ofisini, ila mimi nimekwama pale uliposema mwalimu wako kakwambia "get ni kupata, hivyo vijineno vya nyuma, to, at, over, ni mapambo tu usihangaike navyo". Maneno hayohayo niliuziwa mimi tuisheni hapa Dar, na hela nikalipa.

Nilikuwa ofisi ndogo ya wakala wa forodha, tunatoa mizigo bandarini. Mteja mmoja wa nje kontena lake limekaa, siku za bure zimeisha, storeji, yaani gharama ya mzigo kukaa bandarini, inapanda kila kukicha na yeye anaamini uzembe ni wetu, akatuma barua pepe kali kwelikweli. Bosi akasema mjibu kwa upole, mwambie tumepokea, tunafuatilia, tutampa majibu. Nikaandika "We have received your complaint and we will get back at you before Friday". Si nilifundishwa to na at zote ni "kwa"? Sasa sikia. Get back to you ni nitakurudia na majibu. Get back at you ni nitalipiza kisasi! Mtu kalalamikia pesa yake, kontena lake liko mikononi mwetu, halafu anaambiwa kabla ya Ijumaa atatukoma.

Hakupiga hata simu. Ile barua akampelekea mwanasheria wake, bosi akaeleza na kuomba radhi mpaka akachoka, mteja akahamia kwa wakala mwingine, storeji ikatuangukia sisi na mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Kinachoniuma mpaka leo si kwamba yule mwalimu hakujua, kila mtu kuna asichokijua. Kinachouma ni kumwambia mwanafunzi aliyelipa ada kwamba asichokijua yeye hakina maana. Na bado anafundisha, darasa linajaa!

Mbona Kiswahili chetu hatukichezei hivyo? Kumkimbia mtu na kumkimbilia mtu, tofauti ni hiyo "li" tu, ila mmoja anatoroka na mwingine anafuata msaada. Nani atakwambia hiyo "li" ni pambo ukamwelewa?

Kwa hiyo sheria ni moja: get usiisome peke yake hata siku moja. Ichukue na kijineno chake na kinachofuata, sentensi nzima kama ulivyoikuta. Ukikuta "I couldn't get through to him" usiandike daftarini get through sawasawa na kupita, andika sentensi yote, sikumpata kwenye simu. "He got away with it", kafanya kosa na hajaadhibiwa. "I get on with my boss" tunaelewana na bosi, lakini get on the bus ni kupanda basi, na ukija kwenye teksi unasema get in, sio get on. Hata pasipo kijineno angalia kinachofuata, get tired ni kuchoka, get home ni kufika nyumbani, I get it ni naelewa, get him to sign ni umfanye asaini. Hapo "pata" utaichomeka wapi? Na usifikiri ni get tu, kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989, ile ya juzuu 20, kitenzi set peke yake kina maana 430, orodha utakariri mpaka lini.

Umesema kesho unawaandikia wale wa intavyuu. Ukitaka wakujibu andika "Please get back to me", ni TO mkuu, TO. Na kama unaweza ibandike hapa kabla hujaituma, futa majina, usiku huu nipo nitaipitia.