Mtoto Haugui? Basi Mkatie Bima Sasa

Wiki hii mama mmoja kaniandikia: "Dada, wangu ana miaka sita na haugui kabisa. Bima si nisubiri kwanza?" Nimecheka peke yangu. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa shemeji yangu, ila yeye hakuwa anauliza, alikuwa ananisema.

Ilikuwa 2021. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania), ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka 18. Nikamkatia wangu, mzima wa afya. Shemeji akanishukia mbele ya ukoo mzima, sahani ya pilau mkononi: "Wewe unamchuria mtoto!" Wakacheka. Mimi nikaendelea kula.

Masika ya mwaka uliofuata, nimonia. Mbavu zinadidimia kila akivuta pumzi. Dirishani kwa bima dada wa watu akatazama picha, akamtazama mtoto, akaingiza namba ya kadi, tukapita. Oksijeni, sindano, wodini. Jirani yetu kwenye benchi alikuwa baba wa malipo ya papo kwa papo. Mtoto kampakata, huku anapigia ndugu zake simu kuomba hela ya kipimo cha kwanza. Sisi siku ya kuruhusiwa nilisaini fomu tu. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Shemeji alinipigia 2023. Wake kaambiwa ni upasuaji, anataka kadi "ya harakaharaka". Bahati mbaya Machi ile NHIF walikuwa wamesimamisha kusajili mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakaelekezwa kupitia shule au vifurushi vya familia. Sababu waliyoitoa ni kwamba wengi waliwaandikisha watoto wakiwa tayari wagonjwa, matibabu yakazidi michango. Kwa hiyo waliosubiri wakatufungia mlango hata sisi tuliowahi. Tulimchangia, mtoto akatibiwa, namshukuru Mungu. Lakini lile neno la "unamchuria" hajaliombea radhi mpaka leo.

Kadi imesharejeshwa, jamani. Ulizia utaratibu wa sasa ofisi ya NHIF ya mkoa wako, na uende mtoto akiwa anacheza mpira, siyo akiwa na dripu. Wenye watoto chini ya miaka mitano najua mtaniambia kuna msamaha wa malipo hospitali za serikali. Upo. Nao mnajua habari ya kuandikiwa dawa ukanunue nje.

Na ukishaipata, itumie! Wengine kadi inakaa kabatini, inakumbukwa ikibaki wiki mbili kuisha, ndipo watoto wote wanaswagwa kliniki kwa mkupuo. Wangu nilimpeleka kwa macho mara tu mwalimu aliposema anafinya uso akisoma ubaoni. Hakuwa mgonjwa, alikuwa haoni. Kuhuisha nako usingoje iishe. Mzazi unaweka bando la wiki bila kufikiri, bima ya mwaka unaipigia hesabu za nini?

Mama wa mtoto wa miaka sita, anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Kama bado una lile tangazo la kizazi tu, karatasi ya hospitali ya kwamba mtoto kazaliwa, fuatilia cheti kesho asubuhi, na hakikisha majina ya mtoto yameandikwa vilevile kama kwenye fomu ya shule. Herufi moja ikipishana, dirishani utasimama sana.