Ukibishaniwa kuhusu kangaga, onyesha spora

Juzi mwanafunzi mmoja wa botania kaniandikia: "Dada, msimamizi wangu anasema kuchungulia spora ni kupoteza muda, kangaga hutambulika kwa majani. Nifanyeje?" Maneno hayohayo kuhusu spora, lile vumbi ambalo kangaga huzaliana nalo badala ya mbegu, niliambiwa mimi, tena mbele ya wenzangu, na mpaka leo yananiuma.

Nilikuwa na vielelezo viwili vya kangaga wa jenasi ya Asplenium kutoka msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Majani yalifanana mno, na mkubwa wangu wa kazi akaviandika vyote jina moja. Nikakataa. Nililaza vipande vya majani yaliyokomaa juu ya karatasi nyeupe, vifuko vya spora vikiwa vya kahawia na havijapasuka. Asubuhi nikakuta vumbi limedondoka. Kwenye hadubini, kielelezo cha kwanza kilikuwa na spora za umbo la harage, mchirizi mmoja (alama ya mstari juu ya spora), na gamba la nje limeinuka kwa mikunjo myembamba. Asplenium kabisa. Cha pili kilijaa spora nyeusi zilizosinyaa, hazilingani ukubwa, nyingine maganda matupu. Hiyo ni dalili kubwa ya chotara, kwani kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, za wazazi wawili tofauti hushindwa kupangana jozi. Leo kielelezo kile kimehifadhiwa kama chotara, na waliocheka wanakijua. Najivunia, sifichi.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na mchirizi: ni mmoja, au ni mitatu inayokutana katikati? Kangaga wa jenasi za Nephrolepis na Asplenium wana mmoja. Adiantum, Cyathea na Pteris wana mitatu, na Pteris huongeza ukanda kiunoni. Kisha tazama gamba la nje, perispora. Hapo ndipo spishi za jenasi moja huachana, na hapo ndipo wengi huharibu kazi kwa kukimbilia asetolisisi, ile njia ya mtaalamu wa chavua Erdtman ya kuchemsha kwa asidi. Asidi mara nyingi huliondoa gamba lenyewe unalolitafuta! Zitazame kwanza zikiwa hazijaguswa na dawa yoyote.

Hesabu pia. Kifuko cha makangaga mengi huwa na spora 64. Ukikuta 32, shuku mmea unaozaa bila utungisho. Spora kubwa kuliko kawaida huweza kuashiria kromosomu zilizozidishwa, ila pima nyingi, za mimea tofauti.

Wala usiziabudu spora. Kangaga Cystopteris dickieana, ya pango la pwani ya Scotland, ilitengwa na ndugu yake Cystopteris fragilis kwa kuwa spora zake zina makunyanzi badala ya miiba. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha tofauti hiyo peke yake haitoshi.

Vijana wenzangu, kumheshimu mkubwa si kunyamaza. Anayesoma mimea anawajibika kwa mmea kabla ya cheo cha mtu. Usibishane naye kwa mdomo: mwekee slaidi mezani, mwombe achungulie mwenyewe. Na slaidi hiyo iwe na namba ileile ya kielelezo, maana swali lake la kwanza litakuwa umeitoa wapi.