Mkicheza herufi za anga kwenye grupu, msirushe maneno matupu

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mmoja anaanza na A, anatuma neno la mambo ya anga. Anayefuata anachukua B, hivyo hivyo mpaka Z. Sisi tunaucheza kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari, wengine wako Tanga, wengine Nairobi, wengine Muscat. Nimeona magrupu yakiuanza kwa shangwe na kuuacha kabla ya kufika K, na sababu ni hiyo hiyo kila mara: Apollo, Buruji, Chombo, Darubini, basi. Neno likija peke yake, wenzako watajibu nini?

Ndiyo maana nashikilia sharti moja: kila neno lije na sentensi ya kulieleza, kwa maneno yako mwenyewe. Ukileta Gagarin, tuambie kwamba ndiye binadamu wa kwanza kwenda anga za juu, tarehe 12 Aprili 1961. Ukileta Pluto, eleza ilivyoondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, halafu subiri uone. Sisi tulifundishwa sayari tisa, na kwetu wapo ambao hawajakubali hadi leo. Mabishano hayo yaacheni yaende. R itasubiri.

Kubalianeni herufi mapema. Q na X ziondoeni, C ihesabiwe kama CH. CH haina shida: kuna Charon, mwezi mkubwa kuliko mingine yote ya Pluto, na kuna Chandrayaan-3, chombo cha India kilichotua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, Agosti 2023. Zinazokwamisha watu ni E, O, V na Y. Kwa E shikeni Europa, mwezi wa Mshtarii ambao wanasayansi wengi wanaamini una bahari chini ya barafu yake. Kwa V, Voyager 1: kilirushwa 1977, na hakuna chombo kingine cha binadamu kilichofika mbali hivyo. O ina obiti, njia ambayo sayari hupita ikizunguka Jua. Y mtu akishindwa, aruke bila adhabu.

U ndiyo herufi ninayoigombea. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina hilo. Historia hii ilifanyika pwani yetu wenyewe, na inaniuma kwamba watu wengi wa pwani hawajawahi kuisikia.

K nayo msiipite haraka. Kuna Kimondo cha Mbozi kule Songwe, pande kubwa la chuma lililotoka angani. Kuna pia Kilimia, nyota ambazo wazee walizitazama kujua msimu wa kulima. Hapo mpigieni simu mama au babu, mrekodi anachosema, mtume sauti kwenye grupu. Hutapata maelezo kama hayo kwa kugugo.

Kugugo kwenyewe mimi naruhusu baada ya neno kutumwa, kwa ajili ya kuhakiki tu. Na mhakiki kweli, hasa kwenye M, maana ule ujumbe wa kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi mwezi wa Agosti umekuwa ukizunguka miaka na miaka, na ni uongo. Mirihi hata ikiwa karibu nasi kabisa, kwa macho matupu ni nukta nyekundu. Aliyeuleta mwelezeni kwa upole, abaki kwenye mchezo.

Zamu ziandikeni juu ya grupu. Mtu akiishiwa bando au akibanwa na kazi siku nzima, anayefuata aendelee, naye ataingia akirudi. Atakayeangukiwa na Z achague Zuhura au Zohali, kisha aanzishe mzunguko wa pili, ambapo neno lililokwisha kutumika halirudi tena.