Ubao unasoma, lakini nani ameuandika?

Babu wa Cheyo, Tabora, anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo Babu. Nafundisha michezo kwa kujitolea hapa Mwanga, Kigoma. Juzi kijana wangu mmoja alinionyesha kwenye simu mchezo wa besiboli kutoka Boston, Marekani. Kuna ukuta mrefu wa kijani, na ukutani kuna ubao wa matokeo. Namba ikatolewa, ikawekwa nyingine, na nikaona kabisa kuwa ni mtu yuko nyuma anazibadilisha kwa mkono! Nchi tajiri vile imeshindwa kununua ubao wa umeme? Na mbona ubao wenyewe una namba nyingi kama jedwali la kuzidisha? Nauliza kwa sababu sisi wenyewe tumeanza kuchangishana tuweke ubao kwenye uwanja wetu, na kamati imegawanyika: nusu wanataka wa umeme, nusu wanataka wa mbao. — Mwalimu wa Mwanga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla ya Boston tuanzie redioni. Mtangazaji wa mpira akisema "ubao unasoma moja bila", mimi hucheka peke yangu, maana baadhi ya viwanja anavyotangazia nimeviingia, na ubao hamna. Kuna ukuta, kuna bango la soda, kuna mbuzi wa jirani. Ubao uko kichwani mwake, na hakuna anayelalamika, kwa sababu mpira wa miguu una namba mbili tu, na mtoto wa darasa la pili anazishika.

Besiboli haishikiki hivyo. Kila timu hupewa zamu tisa za kupiga, na zamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Mpigaji akizunguka vituo vyote vinne akarudi alipoanzia, timu imepata mzunguko mmoja. Ndiyo maana ubao una mistari miwili, wageni juu na wenyeji chini, halafu safu tisa, kila zamu na namba yake. Ukichelewa, ukaingia uwanjani zamu ya saba, huhitaji kumwuliza mtu. Unasoma: zamu tatu za mwanzo sifuri tupu, ya nne wageni wamepata mitano, wenyeji wamejikongoja wakarudisha miwili ya sita. Mechi nzima umeisoma umesimama.

Mwishoni kuna safu tatu zenye herufi R, H na E. R ni jumla ya mizunguko. H ni mapigo safi yaliyomfikisha mpigaji kituoni. E ndiyo ninayoipenda: makosa. Mlinzi akiudondosha mpira ambao alipaswa kuudaka, kosa lake linaandikwa pale juu, maelfu wanalitazama mpaka mechi iishe. Hebu fikiri ubao wa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa kwetu ungekuwa na safu ya makosa ya mabeki. Mechi nyingine tungehitaji namba za tarakimu mbili.

Kama ni kosa au ni pigo safi, anayeamua ni mwandishi rasmi wa mchezo. Zamani pale uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, jijini New York, juu ya ubao palikuwa na tangazo la bia ya Schaefer. Mwandishi akiamua ni pigo safi, herufi H ya jina hilo inawaka. Akiamua ni kosa, inawaka E. Kampuni ya bia imelipia tangazo, na tangazo linafanya kazi ya karani!

Sasa huo ukuta wako wa kijani. Uwanja ni Fenway Park, ulifunguliwa 1912, na ubao ule ukawekwa 1934. Ukuta una urefu wa mita 11 na ushei kwenda juu, na ndani yake kuna chumba chembamba ambamo wabadilisha namba hukaa mechi nzima, wakichungulia mchezo kwenye matundu. Kibao cha namba ya mizunguko ni kama sentimita 40 kwa 40, uzito unakaribia kilo moja na nusu. Joto la kiangazi humo ndani ni la tanuri, na choo hakuna. Kuta za ndani zimejaa sahihi za wachezaji walioingia kwa miaka mingi. Mmoja wao, Manny Ramirez, mwaka 2005 alizama mle ndani katikati ya mechi wakati mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, anaongea na wenzake, na nusura mchezo uendelee yeye bado yumo ukutani. Ukitazama mistari myeupe ya ubao ule kwa karibu utaona nukta na vistari. Ni herufi za simu ya upepo, alama za Morse: herufi za mwanzo za majina ya mwenye timu, Thomas Yawkey, na mkewe Jean. Mzee yeyote aliyefanya kazi stesheni ya reli hapa Tabora angezisoma bila miwani.

Kwa hiyo si kwamba wameshindwa kununua, mwalimu. Pale pale Fenway wana skrini kubwa za umeme. Ule wa mkono wameubakiza kwa kuupenda.

Ninayetaka umjue zaidi ni Bill Veeck. Mwaka 1937, akiwa na miaka 23 tu, alisimamia ujenzi wa ubao wa Wrigley Field, Chicago: kama mita 8 kwenda juu na 23 kwa upana, namba zikibadilishwa na watu waliomo ndani. Bado uko kazini. Mechi ikiisha, juu yake hupandishwa bendera: nyeupe yenye W ya bluu kama wenyeji wameshinda, ya bluu yenye L nyeupe kama wamefungwa. Treni za mjini hupita karibu, na abiria anayetoka kazini anajua matokeo bila kumwuliza jirani yake. Hii imenigusa, mimi niliyekulia kando ya reli. Tungekuwa na bendera kama hiyo Tabora, abiria wa Mwanza na wa Kigoma wangeondoka na habari kamili, wala si tetesi za wauza karanga.

Mtu huyo huyo, mwaka 1960, akiwa sasa ana timu ya White Sox upande mwingine wa jiji, akajenga ubao wa kichaa pale Comiskey Park. Mwenyeji akiupiga mpira ukavuka ukuta, ubao unalipuka: fataki, ving'ora, mataa, moshi. Wageni walichukia. Yankees, timu ya New York, wao waliamua kulipa kisasi kwa kejeli: mwenzao alipopiga pigo la namna hiyo, wakawasha vijiti vya fataki vya mkononi na kucheza benchini. Mimi nawaunga mkono Yankees. Ubao uliokuja kunisomea namba umeanza kunipigia kelele, tena kwa niaba ya upande mmoja.

Baada ya hapo ni mbio za fedha. Uwanja wa Astrodome wa Houston, 1965, ulikuwa na ubao wa mita 140 na zaidi kwa upana, wa dola milioni mbili, wenye picha za fahali wanaokoroma, zilizochorwa kwa balbu. Picha halisi za televisheni zenye rangi kamili zilianza Dodger Stadium, Los Angeles, Julai 1980, kwa skrini ya Mitsubishi iliyoitwa Diamond Vision. Zile skrini bapa unazoziona leo zilisubiri taa ndogo za LED za rangi ya bluu. Nyekundu na kijani zilikuwapo zamani, lakini bila bluu angavu huwezi kupata nyeupe wala rangi zote. Bluu hiyo ilipatikana miaka ya tisini mwanzoni, na Wajapani watatu walioihangaikia wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Huko huko Japani, kwenye uwanja wa besiboli wa Koshien uliofunguliwa 1924, waliandika majina ya wachezaji kwa brashi, meupe juu ya ubao mweusi, mpaka 1984 walipoweka umeme. Wakahakikisha herufi za umeme zinafanana na mwandiko ule wa brashi. Jina la Koshien, kama hujui, ndilo lililopewa mashindano ya besiboli ya shule hapa Tanzania.

Turudi Mwanga. Nakushauri mbao, na nina sababu. Miaka ya themanini, nikiwa mwalimu, tulitengeneza ubao wa shule. Fremu ya mninga, ambayo haikutusumbua hata siku moja. Namba tukachora kwenye hadibodi. Mvua za Novemba zilipoanza, hadibodi ikavimba kama andazi na namba hazikuingia tena kwenye mifereji. Tukatoboa matundu, juu moja na chini moja, tukazitundika kwa misumari.

Ikafika fainali ya netiboli. Wenyeji 16, wageni 19. Mwanafunzi aliyekuwa nyuma ya ubao haoni upande wa mbele, akatundika 6 kichwa chini. Ubao ukasoma 19 kwa 19, kipenga cha mwisho kikalia, na wasichana wetu wakaingia uwanjani kujipanga kwa dakika za nyongeza huku wakiimba. Mwamuzi anapunga karatasi yake, hakuna anayemtazama. Nilimkuta yule mwanafunzi nyuma ya ubao anapiga makofi, eti tumesawazisha.

Kwa hiyo: plaiwudi nene au bati, si hadibodi. Paka rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, maana maji huanzia kingoni. Ubao mweusi, namba nyeupe, kimo kisipungue sentimita 40. Tengeneza sifuri na moja nyingi kuliko namba nyingine, ndizo zitakazochoka. Tundu liwe moja tu, la juu. Nyuma ya kila kibao andika namba ile ile, ili aliyeko nyuma ajue alichotundika. Uelekeze ubao mahali ambapo jua la jioni haliupigi usoni. Na mwenye zamu ya kubadilisha namba mpeni kiti, maji na kofia.

Wa umeme uacheni kwanza. Fedha yake haiishii kwenye kununua: taa zitaungua, fundi atatafutwa, na siku umeme ukikatika dakika ya sabini mtarudi kwa mtangazaji na ubao wake wa kichwani. Zitakazobaki kwenye mchango nunueni nyavu za magoli.

Na chini ya 6 na 9, mwalimu, chora mstari.