Maswali ya Wasomaji: Tumbo Linalouma Siku za Shule Tu

Barua tatu tunazozijibu mwezi huu zimetoka kwa mama, kwa bibi na kwa mjumbe wa kamati ya shule. Kila moja ina shauri lake, lakini zote zinamhusu mtoto wa shule ya msingi anayebeba jambo ambalo watu wazima wanaomzunguka hawajakaa kulizungumza. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa malalamiko ya namna hiyo hutufikia mara kwa mara.

Swali: Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi, anasoma darasa la nne katika shule ya serikali hapa mkoani Morogoro. Tangu shule zilipofunguliwa Julai, kila asubuhi ya siku ya shule analalamika tumbo, lakini Jumamosi na Jumapili anacheza kutwa bila shida. Zahanati walimpima malaria na choo, wakasema hana kitu. Sasa ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne. Baba yake anasema huo ni uvivu na dawa yake ni fimbo. Mimi nafikiri tumpeleke shule ya bweni akajifunze kujitegemea. Tukimuuliza anasema tu, “Hakuna kitu.” Tufanye nini?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Jibu: Mama, tulimalize kwanza suala la bweni kwa kuwa ni fupi. Tangu mwaka 2023 Serikali imezuia watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne kulazwa bweni, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hiyo shule itakayompokea mwanao mwaka huu bila kibali hicho inakwenda kinyume cha maelekezo, na hilo peke yake lingetosha kukutia shaka. Hata pasingekuwa na katazo, mtoto aliyeanza kukojoa kitandani kwa sababu isiyojulikana angekwenda kulala katika chumba kimoja na makumi ya wenzake, ambako siri hiyo isingekaa hata siku mbili, na hofu aliyonayo sasa ingeongezewa aibu.

Katika barua yako kuna mambo mawili yanayostahili kutazamwa kwa pamoja. La kwanza ni kwamba tumbo hupumzika mwisho wa wiki. Wengi hulichukua hilo kuwa ushahidi wa uongo, ilhali tumbo la mtoto mwenye hofu huuma kweli, na hutulia pale tu kinachomtia hofu kinapokuwa mbali. La pili ni kukojoa kitandani kulikorudi baada ya miaka. Hapo mrudishe kituo cha afya wapime mkojo pamoja na sukari, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari cha utotoni huweza kuleta hali hiyo, na haifai kuhangaika na mambo ya moyoni kabla ya kuyaondoa ya mwilini. Wakati huohuo, shuka lifuliwe kimya kimya, ndugu zake wasilifanye utani, na asinyimwe maji mchana kwa kudhani kwamba ndiyo kinga. Fimbo anayoitaka baba yake itamfundisha jambo moja tu, yaani kuficha shuka.

Likija suala la kumuuliza, swali la “Nani anakuonea?” humfunga mdomo mtoto wa umri huo, hasa mvulana aliyekwisha kuambiwa kwamba mwanamume halii. Mkiwa mnachambua mboga au mnatembea kwenda gengeni, muulize mambo ya kawaida: leo umekaa dawati moja na nani, mapumziko mlicheza nini, mwalimu gani alichekesha. Mpe karatasi achore shule yake yote, lango, madarasa, bomba la maji, vyoo, mti wanaokaa chini yake, na njia anayopita kurudi nyumbani, kisha umuulize ni wapi anapenda kukaa na ni wapi hapiti. Nilipokuwa mwalimu wa darasa niliwaona watoto ambao kwa mdomo hawakusema lolote, lakini katika mchoro waliacha upande mzima wa shule mtupu.

Tazama pia vitu vyake. Kalamu zinazopotea kila wiki, daftari lililochanwa kurasa za katikati, kifungo cha shati kilichong'oka na nyuzi zake, vyote vina maelezo. Kama unampa shilingi mia mbili au mia tano za mihogo ya mapumziko na bado anarudi na njaa ya kutafuta sufuria mlangoni, huenda hela hiyo inaliwa na mwingine. Uliza habari ya vyoo bila kuona haya. Mwongozo wa Serikali unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijafika hapo, kwa hiyo foleni ni ndefu, wakubwa huwasukuma wadogo, na wapo watoto wanaojizuia kutwa nzima hadi tumbo linauma kwa sababu hiyo tu. Halafu usisahau kwamba darasa la nne ni mwaka wa upimaji wa kitaifa. Muhula wa pili shule nyingi huongeza vipindi alfajiri na jioni, na mtoto anayeachwa nyuma katika hesabu huiona kila asubuhi kama siku ya kuumbuliwa ubaoni.

Baada ya hapo nenda kwa mwalimu wa darasa. Usiende asubuhi watoto wakiwa mstarini, kwa kuwa saa hiyo mwalimu atakujibu kwa haraka na mwanao atakuwa anatazamwa na shule nzima. Nenda mchana vipindi vikiisha, tena ikiwezekana umemjulisha mapema. Mwanzo wa maneno yako ndio utakaoamua mazungumzo yote. Ukiingia na “Mwanangu anaonewa humu,” mwalimu atajitetea, lakini ukisema, “Mwalimu, nimekuja kuomba unisaidie kumtazama mtoto, nyumbani nimeona hili na hili,” utakuwa umempa kazi anayoiweza. Mwombe akueleze mtoto anakaa na nani, anakuwa wapi wakati wa mapumziko, na katika daftari la mahudhurio ni siku zipi amechelewa au hakufika, kwa sababu kama siku hizo zinafuatana na kipindi fulani au zamu ya mwalimu fulani, mtakuwa mmepata pa kuanzia. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 na madarasa mengi yamekivuka, kwa hiyo asipokuwa ameliona jambo lililo wazi kwako, usimhesabie ubaya. Mwombe pia akukutanishe na mwalimu anayeshughulikia malezi na ushauri nasaha, na uulize kama shule imekwisha kuunda dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, kwa kuwa maelekezo ya kuyaanzisha yametolewa kwa shule zote.

Iwapo utagundua kwamba mtoto amejeruhiwa au ameguswa sehemu za siri, hapo mashauriano na mwalimu yasimame na hatua za dharura zianze. Usimwogeshe wala usifue nguo zake. Mfikishe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya muda huo. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambako utapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kwenye halmashauri yupo Afisa Ustawi wa Jamii. Simu namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo wakija wazee kukushauri myamalize kifamilia, huna sababu ya kuwasikiliza.

Baba yake asibaki nje ya jambo hili. Mwombe amsindikize mtoto shule siku moja ya Jumatatu, wapite njia ileile anayopita kila siku, bila mahubiri. Mara nyingi akina baba wanaosema “uvivu” huwa hawajaiona hiyo njia.

Swali: Mimi ni bibi, ninamlea mjukuu wa kike aliye darasa la tano. Wiki iliyopita alichapwa viboko sita vya miguuni na mwalimu wa kiume kwa kutowahi namba, yaani usafi wa asubuhi shuleni. Asubuhi huwa ananitekea maji kwanza. Nikienda kulalamika naogopa watamchukia. Je, hili linaruhusiwa?
*Bibi, Kigoma*

Jibu: Shikamoo, Bibi. Haliruhusiwi. Tanzania Bara bado haijakifuta kiboko shuleni, tofauti na wenzetu wa Kenya waliokiondoa mwaka 2001, lakini kanuni za mwaka 1979 zilizorekebishwa mwaka 2002 zimekiwekea mipaka ambayo walimu wengi hawaijui au wanajifanya hawaijui. Viboko visizidi vinne. Vipigwe kwenye kiganja au kwenye makalio yaliyofunikwa na nguo. Anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, labda pasiwepo kabisa mwalimu wa kike shuleni. Kila adhabu iandikwe kitabuni. Tena adhabu hiyo imekusudiwa makosa makubwa ya nidhamu, na sioni ni kwa hesabu ipi kuchelewa kufagia uwanja kunaweza kuingizwa humo.

Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na mjumbe mmoja wa kamati ya shule unayemwamini, kisha umwombe akuonyeshe kitabu cha adhabu cha siku hiyo. Ombi hilo halina matusi ndani yake, wala halimtaji mwalimu kwa ubaya, lakini mwalimu mkuu ataelewa mara moja kwamba mwenye mtoto anazijua kanuni. Usipopata jibu, panda kwa Afisa Elimu Kata. Hofu yako ya kuchukiwa nimeielewa, na ndiyo maana nasema usiende peke yako na usiishie safari moja: rudi baada ya muda, salimia, uliza maendeleo ya mtoto katika masomo, ili shule izoee kukuona hata pasipo na malalamiko.

Naomba uniwie radhi kwa hili la mwisho. Maji ya asubuhi yachotwe jioni. Kama mgongo wako hauruhusu na ndoo ni nyingi, mweleze mwalimu wa darasa hali ya nyumbani, kwa kuwa mwalimu asiyejua habari ya ndoo huona uchelewaji tu.

Swali: Shuleni kwetu, wilaya mojawapo ya Dodoma, wazazi walikubaliana kuchangia mahindi ya uji wa saa nne. Karibu theluthi moja hawajatoa. Mwenyekiti wa kamati anataka watoto wa wasiochangia wasipewe, na majina yabandikwe ukutani. Mimi ni mjumbe na moyo unasita. Nishike msimamo gani?
*Mjumbe wa kamati ya shule, Dodoma*

Jibu: Shika huohuo wa moyo wako. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, Serikali hupeleka fedha za uendeshaji shuleni, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi kwa makubaliano yao. Deni hilo ni la mzazi. Mtoto aliyekaa chini ya mti akiwatazama wenzake wakipuliza vikombe hana debe la kuleta, na darasani saa tano atakuwa amelala au anagombana, kisha mwalimu atamwandika mtukutu.

Nakushauri uipeleke hesabu kwenye mkutano wa wazazi badala ya majina. Mwaka wa masomo una siku 194. Kikombe kimoja cha uji tukikikadiria gramu 50 za unga, mtoto mmoja anahitaji kilo 10 hivi kwa mwaka, yaani takribani nusu debe la mahindi. Nina hakika wapo waliogoma kwa sababu walisikia neno “mchango” wakakumbuka miaka ya nyuma, na hawakuwahi kuambiwa kwamba kinachoombwa ni nusu debe. Jambo jingine ni majira. Kamati nyingi hukusanya Januari, wakati ghala la mkulima wa Dodoma limekauka na sare zinanunuliwa, ilhali mavuno huanza Mei. Kusanyeni Juni na Julai, mtaona tofauti. Kaya isiyo na shamba ilete kuni, au mtu wake aje kupika kwa zamu, na hilo liandikwe kuwa ni mchango kamili, si msamaha.

Ukutani bandikeni kilo zilizoingia, zilizosagwa na zilizobaki, na mwalimu asishike mahindi wala fedha. Waachieni wazazi wawili waliochaguliwa mkutanoni. Na kabla ya kupokea gunia lolote, hakikisheni mahindi yamekauka na hayana ukungu, kisha yapangwe juu ya chaga, mbali na sakafu na kuta. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Mahindi yaliyoloa yarudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo, hata akiwa mwenyekiti.